Mumbai: Timu Iliyokuzwa Medani

Waheshimiwa viongozi wa vilabu, makocha, waamuzi, wachezaji, na ninyi wazazi mliokuja na watoto, hamjambo? Nawashukuru kwa nafasi hii.

Naanza na wapigaji wawili wa mwisho wa timu ya kriketi. Kila kocha anajua mpigaji wa kumi na wa kumi na moja ni watu gani: ni warushaji, wamewekwa mkiani kwa sababu kupiga si kazi yao, na timu ikifika kwao watu huanza kukusanya vifaa. Februari 2024, katika robo fainali ya Kombe la Ranji nchini India, Mumbai walikuwa wakicheza na Baroda. Akaingia Tanush Kotian, wa kumi, halafu Tushar Deshpande, wa kumi na moja. Kotian alipata mikimbio, yaani alama, 120 bila kutolewa, Deshpande 123, na kwa wiketi hiyo ya mwisho (wiketi ni kutolewa kwa mpigaji mmoja) wakaongeza mikimbio 232. Mwezi uliofuata Mumbai wakatwaa ubingwa wao wa 42. Kombe hilo lilianza mwaka 1934. Timu inayowafuata kwa wingi wa makombe, Karnataka, ina manane.

Mtu wa namba kumi na moja alijifunzia wapi kupiga hivyo? Nimekuja kulijibu swali hilo, na kulijibu kunataka tuitazame historia ya timu kuanzia chini.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mechi ya daraja la kwanza, kwa maana iliyowekwa na baraza la kriketi la kimataifa mwaka 1947, ni mechi ya siku tatu au zaidi, wachezaji kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kati ya timu zilizotambuliwa kuwa na kiwango hicho. Kombe la Ranji ndilo shindano kuu la India la daraja hilo, timu za mikoa na majimbo. Mumbai, ambayo hadi miaka ya 1990 iliitwa Bombay, ni timu ya jiji na vitongoji vyake tu. Jimbo lake la Maharashtra lina timu tatu: Mumbai yenyewe, Maharashtra yenye makao Pune, na Vidarbha ya Nagpur upande wa mashariki. Hilo la Vidarbha mliweke akilini, nitalirudia.

Mchezo uliingia mjini kupitia Waparsi, jamii ya Wahindi yenye asili ya Uajemi, ambao mwaka 1848 waliunda klabu yao ya Oriental. Mwaka 1886 timu ya Waparsi ikasafiri Uingereza, na ikaenda tena 1888. Kuanzia 1892 walikuwa wakipambana kila mwaka na Wazungu wa Bombay. Mwaka 1907 wakaongezwa Wahindu, 1912 Waislamu, na 1937 timu ya tano ya watu waliobaki nje ya hayo makundi. Lilikuwa shindano la dini na asili, watu walijaa, lakini lilikuwa na sumu ndani yake. Gandhi alilipinga waziwazi mwaka 1940, na baada ya msimu wa 1945–46 likakoma. Siwezi kulipita bila kumtaja Palwankar Baloo, mrushaji wa spini (mpira unaozungushwa ili ugeuke ukitua) wa mkono wa kushoto, mtu wa tabaka lililoitwa lisiloguswa. Aliwatoa wapigaji 114 katika ziara ya Uingereza ya 1911, lakini Wahindu hawakumpa unahodha. Ni mdogo wake, Vithal, aliyeupata mwaka 1923. Kombe la Ranji lilipokuja kugawa timu kwa mikoa badala ya dini, lilikuwa afadhali kubwa. Bombay walilichukua msimu wa kwanza, wakiwashinda Northern India kwa mikimbio 208, nahodha wao akiwa L. P. Jai.

Sasa tushuke medani. Nasema medani kwa makusudi, maana neno letu hili na *maidan* la Mumbai ni ndugu, yamekuja kwa njia moja. Katikati ya jiji kuna Oval, Cross na Azad, na kaskazini kidogo, Dadar, kuna Shivaji Park. Azad peke yake ina pichi 22, yaani kanda za kurushia na kupigia mpira. Ukisimama pale Jumapili utaona mechi juu ya mechi: mlinzi wa mbali wa mchezo mmoja amesimama karibu na mwamuzi wa mchezo mwingine. Mtoto anayecheza hapo analazimika kujua mpira upi ni wake, kusikiliza sauti ya nahodha wake katikati ya makelele ya manahodha ishirini, na kutopepesa macho mpira wa watu wengine ukipita sikioni. Hakuna mtaala unaofundisha umakini kama huo.

Juu ya medani hizo kuna ngazi, na kila kipago chake kina jina. Watoto wa shule wana Ngao ya Giles, wakikua wanacheza Ngao ya Harris, ambayo imekuwapo tangu karne ya kumi na tisa. Ndiyo mechi ya Harris, Februari 1988 pale Azad, ambamo Vinod Kambli alipata 349 na Sachin Tendulkar 326, wote hawakutolewa, kwa ushirika wa mikimbio 664. Kocha wao, Ramakant Achrekar wa Shivaji Park, alikuwa na mazoezi ambayo yeyote kati yenu anaweza kuyaanza kesho: aliweka sarafu ya rupia moja juu ya vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji. Mrushaji atakayemtoa mpigaji anaichukua. Mpigaji akimaliza kipindi bila kutolewa, ni yake. Na jambo la pili, zito kuliko sarafu: alimbeba kijana kwa skuta kutoka mechi moja hadi nyingine ili apige mara kadhaa kwa siku moja. Ukihesabu, mtoto wa namna hiyo hufika miaka kumi na sita akiwa amekutana na warushaji wengi kuliko mchezaji wa kwetu anayestaafu.

Baada ya shule kuna vilabu, na baada ya vilabu kulikuwa na ofisi. Ngao ya Times ni shindano la waajiri, na kwa miongo mingi benki na viwanda viliajiri wachezaji, vikawapa mshahara na ruhusa ya kufanya mazoezi. Ajit Wadekar alikuwa mtu wa State Bank, Sunil Gavaskar wa Nirlon, Dilip Vengsarkar na Padmakar Shivalkar wa Tata. Mchezo wenyewe haukulipa, lakini mchezaji hakulala njaa. Eknath Solkar alikuwa mtoto wa mtunza uwanja wa klabu ya Hindu Gymkhana, amekulia palepale pembeni ya nyasi. Aliishia kudaka mipira 53 katika mechi 27 za Test, yaani mechi za kimataifa za siku tano, mingi akiwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mpigaji, bila kofia ya chuma.

Lakini kipago ninachotaka tukae nacho zaidi ni Ligi ya Kanga. Ilianza 1948, imepewa jina la Dakta Hormasji Kanga, ina madaraja kutoka A hadi G, na huchezwa wakati ambao hakuna mtu mwenye akili zake angepanga kriketi: msimu wa mvua, kati ya Julai na Septemba. Sisi wa pwani tunaujua upepo unaoleta mvua ile. Ni kusi hii hii iliyokuwa ikizisukuma jahazi zetu kuelekea Bara Hindi. Ikifika Mumbai inamwaga, na watu wanacheza katikati ya manyunyu kwenye pichi zisizofunikwa.

Pichi iliyolowa hufanya nini? Juu ni laini, chini ni ngumu. Mpira ukitua unachimba kidogo kabla ya kuondoka, hivyo unamfikia mpigaji umechelewa. Ukitua penye kibonge unaruka hadi kidevuni, ukitua penye utelezi unapita chini ya kifundo cha mguu. Anayeupeleka mguu mbele mapema na kusukuma kwa mkono mgumu atadakwa dakika tano za kwanza. Kinachofanya kazi ni hiki: mkono wa chini ushike mpini kwa wepesi, vidole viwili na gumba, mpira uguswe ukiwa chini ya macho, usifuatwe mbele; unaoruka, mikono ishushwe, upite; ambao hauelekei vijitini, uachwe. Halafu kuna nyasi. Mvua hizikuza, na mpira uliopigwa kwa kuambaa chini, ambao kwenye uwanja mkavu ungefika mpakani, hapa hukwama mita thelathini. Kwa hiyo lazima ujue kuinua mpira juu ya walinzi, na kuchagua ule mmoja wa kuinua. Thelathini katika Kanga zinahesabiwa sawa na mia ya uwanja mkavu. Upande wa mrushaji, mpira uliolowa ni mzito na unateleza vidoleni, kwa hiyo wa spini hujifunza kuukausha kila mara na kuutupa mbele zaidi, karibu na mguu wa mpigaji, auachie udongo kazi iliyobaki.

Mnaona sasa namba kumi na moja anatoka wapi. Mrushaji wa Kanga hupiga pia, kwa sababu kwenye pichi ile timu nzima huweza kutoka kwa mikimbio 70, na kila mtu zamu yake hufika.

Watu wa Mumbai wana neno lao, *khadoos*. Ni ukaidi wa mtu asiyetoa kitu bure. Neno hilo huimbwa sana, lakini ukaidi wao ulikuwa na hesabu nyuma yake, na hesabu ni hii. Katika hatua ya mtoano ya Ranji, mechi isipopata mshindi kamili, anayepita ni aliyeongoza zamu ya kwanza ya kupiga, maana kila timu ina zamu mbili. Katika makundi leo, ushindi kamili ni pointi 6, sare yenye uongozi 3, sare bila uongozi 1. Chukua mechi ya siku nne, ova 90 kwa siku, kila ova mirusho sita, jumla ova 360. Ukipiga kwanza ukakaa ova 160 kwa mwendo wa mikimbio mitatu kila ova, una 480. Mwenzako naye, kwa mwendo huo huo, anahitaji ova zaidi ya 160 ili akupite, na atazipiga kwenye pichi iliyokwisha kuchakaa, dhidi ya mpira unaoruhusiwa kubadilishwa kwa mpya kila baada ya ova 80. Zikibaki ova 40, huna haja ya kumtoa tena. Akishindwa kufika hata ndani ya mikimbio 150 ya jumla yako, una haki ya kumrudisha apige palepale. Bombay waliicheza hesabu hii miaka na miaka, na mchezaji aliyetupa wiketi yake akiwa na mikimbio 100 alisemwa chumbani kama aliyetoka bila kitu.

Bwana mkubwa wa mtindo huo alikuwa Vijay Merchant. Wastani wake katika Kombe la Ranji ni 98.75. Fainali ya 1944–45 dhidi ya Holkar alipata 278, na Denis Compton, Mwingereza aliyekuwa India kwa sababu ya vita, akawajibia Holkar kwa 249 bila kutolewa. Bombay walishinda kwa mikimbio 374. Miaka minne baadaye, nusu fainali ya Poona dhidi ya Maharashtra ilichukua siku saba: Bombay 651 na 714 kwa wiketi nane, Maharashtra 407 na 604. Jumla mikimbio 2,376 katika mechi moja. Nasema kweli, mchezo kama huo unachosha hata kuusoma, na ni upande wa ubaya wa hesabu ile: pichi iliyokufa, warushaji wanaotumikishwa kama punda, na watazamaji wanaokwenda kula na kurudi wakikuta wapigaji ni wale wale.

Kutoka 1958–59 hadi 1972–73 Bombay walichukua kombe mara kumi na tano mfululizo. Rajasthan walifika fainali mara saba ndani ya kipindi hicho, na mara zote saba Bombay wakawa mbele yao. Kipimo cha kweli cha kipindi kile nakiona kwenye fainali ya 1970–71. Wadekar, Gavaskar, Solkar, Ashok Mankad na Dilip Sardesai walikuwa visiwa vya Karibi na timu ya taifa. Sudhir Naik akaongoza waliobaki, wakaishinda Maharashtra. Timu inayoweza kukosa watano wa namna ile na bado ikachukua kombe ina mizizi mirefu.

Kombe la kumi na tano ndilo lililoonyesha kwamba walijua pia kushinda kwa mikimbio michache. Uwanja wa Chepauk, Madras, pichi inavunjika vumbi tangu asubuhi ya kwanza. Bombay 151 na 113. Tamil Nadu 80 na 61. Mechi iliisha kwa mpira wa kwanza wa siku ya tatu. Shivalkar, spini ya mkono wa kushoto, alichukua wiketi 8 kwa mikimbio 16, kisha 5 kwa 18. Mtu huyu alimaliza na wiketi 589 za daraja la kwanza na hakuchezea India mechi hata moja ya Test, kwa kuwa alizaliwa wakati mmoja na Bishan Bedi na nafasi ya mkono wa kushoto ilikuwa moja. Aliitwa tena Bombay akiwa na miaka 47, na akaenda. Alifariki Machi 2025. Kwangu mimi, ukitaka kuiona timu hii katika mtu mmoja, ni yeye.

Mnyororo ulikatika Bangalore msimu uliofuata, na ulikatwa kwa hesabu ile ile. Nusu fainali, Karnataka wakapiga 385, G. R. Viswanath 162 na Brijesh Patel 106. Bombay 307. Wadekar alikuwa amejikita vizuri, akateleza akikimbia katikati ya pichi, vijiti vikavunjwa kabla hajafika. Uongozi wa zamu ya kwanza ukawatoa.

Karnataka hao hao, 1981–82, walimfanya Gavaskar afanye jambo ambalo makocha hulitolea mfano hadi leo. Raghuram Bhat, mkono wa kushoto, alikuwa akizungusha mpira mbali kutoka kwa mpigaji wa mkono wa kulia, ukitafuta ukingo wa gongo na mikono ya wadakaji. Gavaskar akageuka akapiga kwa mkono wa kushoto. Mpira ule ule sasa ulimjia mwilini, ukagonga pedi au paja na kuanguka, hakuna ukingo wa kudakwa. Warushaji wengine aliwapiga kwa mkono wa kulia kama kawaida. Karnataka walikwisha kupata uongozi. Alichokikataa ni kushindwa kabisa, na hakutolewa.

Fainali ya 1991 pale Wankhede, uwanja wao wa nyumbani, inauma bado. Haryana wa Kapil Dev 522 na 242, Bombay 410, kisha wakihitaji 355. Tendulkar alipiga 96 kwa kasi, Vengsarkar akabaki na 139. Mtu wa mwisho, Abey Kuruvilla, alitolewa akikimbia, wakiwa 352.

Makombe yaliendelea, lakini kwa kuachana. Jammu na Kashmir waliwashinda Wankhede mwaka 2014. Gujarat walichukua fainali ya 2017 wakifukuza 312. Kati ya 2016 na 2024 hakukuwa na kombe. Sababu zinaonekana kwa macho. Ofisi zilizoajiri wachezaji zimeacha au zimepunguza. Wachezaji hawatoki tena Dadar. Wanatoka vitongoji vya mbali, Virar na Dombivli, na kijana anabanana na begi lake kwenye treni saa nzima na zaidi kabla hajagusa mpira. Na yale yaliyokuwa yao peke yao yameenea.

Yameenea hata kwetu. Sandip Patil, mtoto wa Shivaji Park, alikuwa kocha wa Kenya ilipoifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53 jijini Nairobi, Februari 2003, Collins Obuya akichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Kikosi cha nahodha Steve Tikolo kikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Durban. Kocha wa Mumbai tulimpata. Kipago cha chini yake, mashindano ya siku tatu na nne ya kumzaa Tikolo mwingine, hatukukijenga kwa wakati, na jeraha hilo mnalijua kuliko mimi.

Wengine walijenga. Chandrakant Pandit, mlinda wiketi wa Bombay wa zamani, aliwafundisha Vidarbha wakachukua kombe 2018 na 2019. Katika kombe hilo la pili Wasim Jaffer, aliyetoka Mumbai na ndiye mwenye mikimbio mingi kuliko wote katika historia ya Ranji, aliwapatia zaidi ya 1,000 kwa msimu. Mwaka 2022 Pandit akawa na Madhya Pradesh, wakaishinda Mumbai yenyewe fainali. Fainali ya Machi 2024 Mumbai waliwashinda Vidarbha kwa mikimbio 169, Musheer Khan wa miaka 19 akipata 136. Februari 2025 wakakutana tena, nusu fainali, Nagpur. Vidarbha 383 na 292, Mumbai 270. Mumbai wakahitaji 406, wakatoka kwa 325. Vidarbha wakaenda fainali, na kombe likabaki Nagpur.